Hibiskasi: Ua la uzio, juisi ya mezani na sifa zinazozidi ukweli

Juisi ya rozela, nyekundu iliyokolea, siku hizi imeenea kila mahali. Kijana wa stendi anayo kwenye ndoo yake ya barafu, mama lishe anayo kwenye friji, na harusini inamwagwa kwenye glasi pamoja na juisi ya ukwaju na ya embe. Kwenye maonyesho ya Sabasaba na Nanenane utakuta mvinyo wa rozela umepangwa kando ya asali na unga wa lishe. Muuzaji anaisifu bila kupumua: inaongeza damu, inashusha presha, inakata kitambi, inasafisha figo. Mteja anakunywa, analipa na kwenda zake akiamini amekunywa dawa.

Jirani na hapo pana uzio wa hibiskasi uliochanua maua mapana, mekundu kweli kweli. Wapita njia wengi hudhani hayo ndiyo maua yanayotoa juisi ile. Siyo. Mimea hiyo miwili ni ndugu, lakini mmoja ni wa kutazamwa na mwingine ni wa kunywewa, na kila mmoja una matunzo yake na tahadhari zake. Kutoifahamu tofauti hiyo kumewafanya watu wachume uzioni walichopaswa kupanda shambani, na wategemee glasi ya juisi pale walipopaswa kwenda zahanati.

Naandika makala haya kwa sababu naupenda mmea huu na naamini una thamani ya kutosha kwa yale ya kweli uliyonayo. Unaweza kupamba nyumba, kulisha familia na kumpa mkulima mdogo kipato. Sifa za kupachikwa hazihitajiki, na baadhi yake zinaweza kumletea mtu madhara.

Ukoo mmoja na bamia, pamba na mbuyu

Jenasi ya Hibiscus ina spishi zaidi ya 200, nyingi zikiwa za nchi za joto. Imo katika familia kubwa ya mimea yenye bamia, pamba, mbuyu na kakao. Anayetaka kuuona undugu huo kwa macho yake achume ua la bamia asubuhi na kuliweka kando ya ua la rozela. Yote mawili yana petali tano za rangi hafifu ya manjano au maziwa, kitovu cheusi chenye wekundu, na katikati kijiti kimoja kilichobeba chavua pande zote. Zamani wataalamu waliiweka bamia yenyewe ndani ya jenasi hii kabla ya kuihamishia nyingine.

Wa kwanza wa kujulikana ni hibiskasi ya bustani, kwa jina la kisayansi Hibiscus rosa-sinensis. Imepandwa Asia tangu zamani, na jina hilo ililipata mwaka 1753 kwa Carl Linnaeus, mtaalamu wa Sweden aliyeihusisha na China. Malaysia iliitangaza kuwa ua la taifa mwaka 1960. Nchini India, majani na maua yake husagwa na kuchanganywa na mafuta ya nazi kwa ajili ya nywele, kwa kuwa yana ute unaovutika kama ule wa bamia. Rangi zake sasa hazihesabiki: nyekundu, waridi, manjano, chungwa, nyeupe, na zile zenye petali nyingi zilizorundikana.

Wa pili ni rozela, Hibiscus sabdariffa, ambayo wengine huiita choya. Huu ni mmea wa Afrika. Wasudani na Wamisri huita kinywaji chake karkade, Wasenegali bissap, Wanigeria zobo. Ulivuka bahari pamoja na watu wetu waliochukuliwa utumwani, na leo Jamaika hawasherehekei Krismasi bila kinywaji chake, huku Wameksiko wakikinywa katika karibu kila mgahawa. Wakongo hupenda zaidi majani yake machachu, ngai-ngai, yanayopikwa na samaki.

Wa tatu ni mtakawa, Hibiscus tiliaceus, mti wa ufukweni na kando ya mikoko. Una majani ya umbo la moyo na magome yenye nyuzi imara za kusokotea kamba. Ua lake hufunguka asubuhi likiwa la manjano, jioni limeshageuka chungwa lenye wekundu, kisha linadondoka. Mtu wa pwani aliyekaa chini ya mtakawa anajua kwamba maua yaliyo mtini na yaliyotapakaa mchangani hayafanani rangi, ingawa yametoka tawi moja.

Ndugu zetu wanaoishi Ulaya na Amerika Kaskazini, ambako theluji ingeua yote matatu niliyoyataja, wanaweza kupanda Hibiscus syriacus. Hiyo hupukutisha majani wakati wa baridi na kuchipua upya joto linaporudi. Ndilo ua la taifa la Korea Kusini.

Ua lililotoka misitu ya pwani yetu

Wa nne nimemtengea nafasi yake, kwa sababu ni wetu na hatumthamini ipasavyo. Katika misitu ya pwani ya Kenya, Tanzania na kaskazini mwa Msumbiji huota hibiskasi ya mwituni iitwayo Hibiscus schizopetalus. Ua lake halitazami juu. Linaning'inia kwenye kikonyo kirefu chembamba, petali zake nyekundu zenye waridi zimechanika-chanika hadi ncha na kukunjamana kurudi nyuma, na kijiti cha chavua kinashuka chini mbali na petali kama uzi wa timazi wa fundi mwashi. Hakuna hibiskasi nyingine yenye umbo hilo.

Lililifikia jicho la wanasayansi wa Ulaya kupitia John Kirk, tabibu na mtaalamu wa mimea aliyekuwa katika msafara wa David Livingstone mto Zambezi, na baadaye balozi mdogo wa Uingereza huko Zanzibar. Mwaka 1880 Joseph Hooker, mkurugenzi wa bustani ya mimea ya Kew jijini London, alilitangaza kuwa spishi inayojitegemea, pamoja na mchoro wake katika jarida la Curtis's Botanical Magazine. Kuanzia hapo likaenea katika bustani za nchi za joto duniani kote. Wazalishaji wa maua wakalichanganya na hibiskasi ya Asia na spishi za visiwa vya Bahari ya Hindi, na damu yake imo katika aina nyingi za rangi zinazouzwa leo kwenye vitalu vya kando ya barabara.

Kwa hiyo mtu anayenunua mche wa hibiskasi Dar es Salaam au Mombasa, akiamini kwamba ni ua la kigeni kabisa, huenda amenunua mjukuu wa ua la msitu ulio saa chache kutoka nyumbani kwake. Misitu hiyo inakatwa kwa ajili ya mkaa na mashamba. Mauritius imetuonyesha mwisho wa safari ya namna hiyo: hibiskasi ya kisiwani hapo iitwayo Hibiscus fragilis imebaki na mimea michache mno porini na imo katika orodha ya iliyo hatarini kabisa kutoweka. Sisi bado tunalo letu. Shule, hoteli na halmashauri za pwani zingeweza kulipanda kwenye viunga vyake, na watoto wakalijua.

Hibiskasi ya bustani: tawi, jua na mkasi

Hibiskasi ya bustani haipandwi kwa mbegu. Aina nyingi za bustani hazizai mbegu za kutegemewa. Hupandwa kwa tawi. Chagua tawi lililokomaa nusu, yaani si laini la kijani wala si gumu la kijivu. Kata kipande cha sentimita 10 hadi 15 kwa mkato wa mshazari chini kidogo ya kifundo, ondoa majani yote ubakize mawili ya juu, kisha yakate hayo nusu yasipoteze maji mengi. Chomeka kwenye mchanga uliochanganywa na mboji, kwenye mfuko au kopo lenye matundu, uweke kivulini na kuuacha unyevunyevu. Mizizi huota baada ya mwezi mmoja hadi miwili. Usivute tawi kila siku kuangalia kama limeshika. Chipukizi jipya ndilo litakalokuambia.

Likihamishiwa ardhini, lipewe jua la saa sita au zaidi kwa siku. Kivulini litaota majani mazuri na maua machache. Udongo upitishe maji. Tandaza majani makavu kuzunguka shina ili unyevu usipotee, lakini usiyagandamize kwenye shina lenyewe.

Katika mbolea ndipo wengi wanapokosea. Samadi iliyooza vizuri na mboji hufaa. Mbolea yenye fosforasi nyingi, kama DAP tuliyozoea kupandia mahindi, haifai kwa hibiskasi. Fosforasi ikizidi, mmea hushindwa kufyonza madini ya chuma, na majani machanga hugeuka manjano huku mishipa yake ikibaki kijani. Ukiona hali hiyo, kuongeza mbolea ileile kutazidisha tatizo. Hibiskasi hupenda potasiamu. Majivu kidogo ya jikoni yakichanganywa na samadi husaidia.

Maua huzaliwa kwenye chipukizi jipya. Asiyepogoa huishia na uzio mrefu wenye maua ya juu tu na vijiti vitupu chini. Pogoa theluthi moja ya matawi mvua zinapokaribia, na wiki chache baadaye mmea utajaa. Ua moja moja huishi siku moja, aina nyingine mbili, kwa hiyo uzuri wa uzio hutegemea wingi wa vitumba vinavyofuatana. Vitumba vikidondoka kabla ya kufunguka, chunguza kwanza maji: ukavu wa ghafla baada ya kumwagilia sana ni sababu ya kawaida. Kisha pekua ndani ya kitumba, kwani huenda kuna vithiripi.

Wadudu wanaosumbua zaidi ni vidukari, inzi weupe na vidung'ata, wale wenye unga mweupe kama pamba kwenye makwapa ya majani. Ukiona sisimizi wanapanda na kushuka kwenye shina, jua kuna vidukari juu, kwa maana sisimizi hufuata utamu wanaoutoa. Maji yenye sabuni kidogo, yakipuliziwa jioni upande wa chini wa majani na kurudiwa kila baada ya siku chache, hutosha kwa bustani ya nyumbani. Sumu kali itawafukuza pia ndege wadogo aina ya chozi wanaokuja kunywa nekta, nao ni nusu ya raha ya kuwa na ua hili. Na uzio uliopuliziwa sumu, ua lake lisiingie jikoni wala kichwani.

Rozela: mmea unaopima mchana

Rozela ni mmea wa msimu mmoja. Hufikia mita moja na nusu hadi mbili na zaidi, wenye mashina mekundu. Hupandwa kwa mbegu moja kwa moja shambani, mbegu mbili au tatu kwa shimo, na baada ya kuota hupunguzwa ukabaki mche mmoja wenye nguvu. Nafasi ya sentimita 90 kati ya mistari na 60 kati ya mashimo huupa mmea uwanja wa kutanua matawi. Ukiikata ncha mche ungali mdogo, utatoa matawi mengi zaidi, na kila tawi ni mzigo wa vikombe vyekundu vya kuvuna.

Jambo ambalo mkulima mpya hulijua kwa kuchelewa ni kwamba rozela huchanua kwa kufuata urefu wa mchana. Mchana ukiwa mrefu, inakua tu. Ukianza kufupika, inageukia maua. Katikati ya Tanzania, kama Dodoma na Singida, ambako mvua ni ya msimu mmoja kuanzia Desemba hadi Aprili, mbegu inayowahi mvua za mwanzo hupata miezi ya kujenga mwili kabla mchana haujafupika. Anayepanda mvua zinapoelekea kuisha atapata mimea mifupi iliyochanua kabla ya kukomaa, na mavuno yake yatakuwa haba, hata kama udongo wake ni mzuri kuliko wa jirani.

Rozela huvumilia ukame ikishashika mizizi, ndiyo maana inafaa maeneo yanayosumbuliwa na mvua haba. Haivumilii maji yaliyotuama. Shina huoza chini na mmea mzima hunyauka ghafla. Adui mwingine ni minyoo fundo wa mizizi, ambao huishambulia bamia pia. Kwa hiyo usipande rozela palipotoka bamia au pamba. Ipande baada ya mtama, uwele au mahindi. Wale wadudu wekundu wanaowasumbua wakulima wa pamba watakuja na hapa pia, maana kwao ni ukoo uleule.

Kikombe chekundu, mkononi na sokoni

Tunasema maua ya rozela, lakini kinachovunwa si ua. Ua lenyewe hufunguka asubuhi na kunyauka siku hiyohiyo. Kinachobaki ni kikombe cha sepali nyekundu kilicholishika, ambacho kwa muda wa wiki mbili hadi tatu hunenepa, huwa kinene na chenye majimaji, kikiwa kimekumbatia kitunda cha kijani chenye mbegu. Hapo ndipo pa kuvuna. Ukikiminya kwa vidole kinavunjika kwa mlio, kama hoho changa inavyokatika, na ulimi unakuta uchachu safi. Ukichelewa, kitunda hukauka na kupasuka, na kikombe huwa kigumu chenye nyuzi.

Kutoa kitunda ndiyo kazi inayokula saa. Vikundi vingi hutumia kipande cha bomba jembamba kilichonolewa ncha: unakisukuma kutoka chini ya kikombe, kitunda kinatokea juu, na kikombe kinabaki kizima. Kisha vikombe hutandazwa safu moja juu ya wavu au turubai safi lililoinuliwa kutoka ardhini, na kufunikwa kitambaa chepesi ili vumbi na nzi wasiguse. Kilo kumi hivi za vikombe vibichi hutoa kilo moja ya vikavu. Atakayeona bei ya rozela kavu ni kubwa akumbuke hesabu hiyo pamoja na vidole vya kina mama waliovitoa vitunda.

Katika soko la Majengo, Dodoma, nilimwamkia mama mmoja aliyekuwa amekaa nyuma ya viroba vitatu. "Marahaba, mwanangu," akajibu, na kabla sijauliza bei akanipa kikombe kimoja kikavu. "Vunja kwanza." Nikakivunja, kilikatika kwa mlio. Rangi yake ilikuwa nyekundu iliyokolea hadi kukaribia weusi. Akafungua kiroba cha pili na kunionyesha vya mwaka uliopita: vilikuwa vya kahawia, na vilipokunjwa vilipinda bila kuvunjika. "Hivi vimevuta unyevu. Ukinunua hivi utapata maji machungu yasiyo na rangi. Na ukiona vina ukungu mweupe, usinunue hata kwa bei ya bure." Ni kipimo rahisi ambacho kila mnunuzi anaweza kukitumia.

Kipimo kingine ni cha jikoni. Rangi ya rozela hutokana na kemikali za asili ziitwazo anthosianini, ambazo hubadilika kulingana na uchachu. Mimina juisi kidogo kwenye glasi na utie chembe za magadi. Rozela halisi itaacha wekundu na kuelekea zambarau, kisha buluu yenye kijani. Rangi nyingi za viwandani hubaki nyekundu vilevile. Mwalimu wa sayansi asiye na maabara anaweza kufundisha asidi na besi kwa kipimo hiki.

Jikoni: tatizo ni sukari

Viganja viwili vya rozela kavu, vikioshwa haraka kwa maji safi, vinatosha lita mbili za maji. Chemsha kwa dakika kama kumi pamoja na tangawizi iliyopondwa, kijiti cha mdalasini na karafuu tatu nne, funika, acha ipoe, kisha chuja. Tumia sufuria ya stili au ya udongo. Rozela ni chachu sana, na uchachu huo hula sufuria ya alumini na kuingiza metali hiyo kwenye kinywaji. Uchachu huohuo huchosha enamel ya meno, hivyo baada ya kunywa sukutua kwa maji ya kawaida.

Tatizo kubwa la juisi ya rozela mitaani ni sukari. Ukitia robo kilo ya sukari kwenye lita mbili, kiasi ambacho wauzaji wengi hukiona cha kawaida, glasi moja ya mililita 250 inabeba gramu 31 hivi. Shirika la Afya Duniani linashauri sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, na ikiwezekana ishuke chini ya asilimia 5, ambayo kwa mtu mzima ni kama gramu 25. Glasi hiyo moja imeshavuka. Mtu anayeinywa kila siku ili ashushe presha au apunguze kitambi anajipa kwa mkono mmoja na kujinyang'anya kwa mwingine. Punguza sukari kidogo kidogo kila wiki. Tangawizi na mdalasini vitaziba pengo, na ulimi utazoea.

Majani machanga nayo ni mboga. Yapike kama mchicha pamoja na nyanya na karanga zilizosagwa. Uchachu wake unaondoa haja ya ndimu. Vikombe vibichi hutoa jamu nzuri isiyohitaji kuongezewa kitu cha kuigandisha, kwa kuwa vina pektini yake yenyewe. Na atakayesindika kwa ajili ya kuuza aanze na maji yaliyochemshwa na chupa safi, kwa maana juisi iliyotengenezwa vizuri huharibiwa na chupa iliyookotwa.

Presha: ukweli wake na mipaka yake

Sifa moja ya rozela ina msingi. Katika Chuo Kikuu cha Tufts, Marekani, watafiti waliwapa watu 65 wenye presha iliyopanda kidogo, wasiotumia dawa, vikombe vitatu vya chai ya rozela kwa siku kwa wiki sita, huku wengine miongoni mwao wakipewa kinywaji cha kufanana nayo kisicho na rozela. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2010 yalionyesha kuwa ile namba ya juu ya presha ilishuka kwa wastani wa 7.2 kwa waliokunywa rozela, na 1.3 kwa wenzao. Utafiti wa Meksiko wa mwaka 2004 uliilinganisha rozela na dawa ya captopril kwa wiki nne, na matokeo yakakaribiana.

Hizo ni habari njema, ila zisomwe zote. Tafiti hizo zilikuwa ndogo na za muda mfupi. Mtandao wa Cochrane, unaopitia ushahidi wa tiba duniani, ulipozikusanya tafiti za namna hiyo mwaka 2021 ulihitimisha kuwa ushahidi uliopo bado hautoshi kuamua. Hakuna aliyethibitisha kwamba anayekunywa rozela badala ya dawa anajikinga na kiharusi au moyo kushindwa. Mwenye presha iliyopanda kidogo, aliyeshauriwa kubadili mlo na kufanya mazoezi, anaweza kuongeza rozela isiyo na sukari katika mlo wake, akaendelea kupima. Mwenye presha kubwa aliyeandikiwa vidonge asiviache. Na anayevimeza huku anakunywa rozela nyingi amweleze daktari, kwa sababu presha inaweza kushuka kupita kiasi.

Wekundu wa juisi si damu

Sifa iliyoenea zaidi ndiyo yenye ushahidi dhaifu zaidi. Watu huamini rozela inaongeza damu kwa kuwa ni nyekundu. Wekundu wake ni anthosianini, wala hauhusiani na chembe za damu. Upungufu wa damu mara nyingi husababishwa na ukosefu wa madini ya chuma, malaria, minyoo au hedhi nzito, na kila kimoja kina tiba yake. Rozela ina madini ya chuma kidogo, lakini ina pia viambato vinavyoweza kuzuia mwili usiyafyonze.

Suala hili limepimwa hapahapa nyumbani. Watafiti wa Tanzania walifanya jaribio wilayani Mkuranga, mkoa wa Pwani, wakawapa watu wazima maji ya rozela yaliyotayarishwa kwa kipimo maalumu na kuwalinganisha na wengine. Matokeo yao, yaliyochapishwa mwaka 2017, hayakuthibitisha kwamba rozela inainua kiwango cha madini ya chuma mwilini.

Wanaoumia na imani hii ni wajawazito. Mama aliyepimwa kliniki akaambiwa damu ni kidogo, akapewa vidonge vya FEFO vyenye madini ya chuma, hupita njiani akaambiwa vidonge vinatapisha, anywe rozela badala yake. Wiki zinapita, damu haipandi, na siku ya kujifungua inafika akiwa hana akiba. Isitoshe, mjamzito anashauriwa kuiepuka rozela kwa wingi, kwa kuwa katika tiba za jadi za nchi mbalimbali imetumika kuchochea hedhi, na usalama wake katika ujauzito haujathibitishwa. Dada, kama FEFO inakuchafua tumbo, rudi kliniki uwaambie. Watakuelekeza namna ya kuimeza au kukubadilishia.

Wengine wa kujihadhari ni wanaotumia dawa za kila siku. Utafiti uliofanywa Sudan na kuchapishwa mwaka 1994 uligundua kuwa karkade iliyonywewa pamoja na klorokwini, enzi hizo ikiwa dawa kuu ya malaria, ilipunguza kiasi cha dawa kilichoingia mwilini. Tafiti nyingine zimeonyesha rozela ikigusa utendaji wa diklofenaki na baadhi ya vidonge vya kuongeza mkojo. Kwa hiyo dawa imezwe kwa maji, na rozela isubiri saa kadhaa. Mgonjwa wa figo asiamini kwamba juisi hii inamsafisha figo. Ana mipaka ya potasiamu na maji ambayo daktari wake pekee ndiye anayeijua.

Tuanzie wapi

Mwenye kiwanja na apande vyote viwili: hibiskasi ya bustani mbele ya nyumba na mistari michache ya rozela nyuma, mvua za kwanza zinapoanguka. Msimu mmoja utamfundisha tofauti yao, na mbegu alizoziacha zikauke zitatosha kumgawia jirani.

Maofisa ugani wana nafasi ya kuwaambia wakulima tarehe ya kupanda, ambayo haigharimu chochote na huamua mavuno. Wasindikaji waandike kwenye lebo kiasi cha sukari, na waondoe maneno ya kuongeza damu. Bidhaa yao ina ladha na rangi ambayo haihitaji msaada huo, na mteja aliyeambiwa ukweli atarudi. Wauguzi wa kliniki za presha na za wajawazito nao wawaulize wagonjwa wao wanakunywa nini nyumbani, waulize kwa upole, kwa sababu mgonjwa aliyekaripiwa mara moja hasemi tena.

Rozela ni kinywaji kizuri, mboga nzuri na zao linalovumilia ukame. Hibiskasi ni ua linalostahili kuwa mlangoni pa kila nyumba, na mmoja wa wazazi wake ametoka kwenye misitu yetu. Hayo yote ni kweli, na yanatosha kabisa kutufanya tuipande, tuinywe kwa kiasi na tuilinde.